Nina wiki tatu nianze kurekodi filamu yangu, na mambo yananizidi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na matangazo madogo ya maduka. Tangu niko shule nimekuwa nikiandika hadithi moja: msichana wa Mji wa Kale ambaye kakake ametoweka, naye anamtafuta mji mzima. Mwaka huu nimeikamilisha ikawa mswada wa filamu ndefu wa kurasa 112.

Nimejiwekea tarehe. Naanza kurekodi wiki tatu kutoka leo, katikati ya Mei, kwa siku 12. Marafiki nimewatangazia, na waigizaji wamekubali kuja bila malipo. Pesa zilizopo ni shilingi 1,400,000. Laki tisa ni akiba yangu. Laki tano ni za mama, amezikopa kwenye chama chao kwa jina lake kwa sababu anaamini filamu hii itanitoa.

Mpiga picha ni ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja. Ana kamera yake, ile tunayoitumia harusini, lakini anasema filamu ya maana haipigwi kwa kamera hiyo. Anataka tukodi ya sinema kutoka Nairobi na lenzi zake, shilingi 620,000 kwa siku zote 12. Tena anasema kwa kuwa halipwi, nusu ya filamu iwe yake. Nimenyamaza, sijui nimjibu nini.

Hadithi inapita sehemu nyingi: Fort Jesus, Marikiti, feri ya Likoni, nyumba ya nyanya Mji wa Kale, kituo cha polisi, hospitali, jahazi baharini, Mwembe Tayari ambako kuna onyesho la wizi wa kutumia bastola (ya bandia), na mwisho ufuo wa Nyali jua likizama baharini. Nimehesabu, zimefika sehemu 34. Vibali sijaomba. Wenzangu wananiambia hapa Mombasa wewe piga tu, ukishikwa utaongea na mtu.

Rafiki yangu wa chanda na pete ndiye mwigizaji mkuu, na mpaka leo hajausoma mswada ukaisha. Mama naye kila jioni ananiuliza, "Lini mwaanza?" Nikiisogeza tarehe nitaonekana muongo. Nisipoisogeza naona nitaaibika zaidi. Nifanyeje?

Mwenye Mswada, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Isogeze tarehe. Ipeleke Septemba, na uwaambie watu wako leo hii, kabla hawajaomba ruhusa kazini. Hakuna atakayekuita muongo kwa kuahirisha mapema. Watakaochoka nawe ni wale watu 20 utakaowaita alfajiri, kisha saa nne ikawakuta barazani wanasubiri kwa sababu hakuna anayejua funguo za nyumba ziko kwa nani.

Mei yenyewe haikufai. Huo ndio mwezi wa masika kukaza. Njia za Kisauni unazijua zikinyeshewa, umeme nao hupotea, na siku iliyopangwa kwa maonyesho ya nje huwa imekufa na chakula umeshakinunua. Masika yakipita, kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka, na nahodha anayeijua kazi yake hatalitoa jahazi nje na waigizaji wasiojua kuogelea. Kuelekea Septemba kusi imelegea, joto halijakaza na vuli bado. Ukiikosa hiyo, ngoja Januari kaskazi ikiwa imetulia, lakini uangalie kalenda, kwani miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na miezi hiyo.

Ila hata kama mvua isingekuwapo ningekuambia vivyo hivyo. Mwezi mzima wa kukaa na mswada mezani utakugharimu chai. Siku moja ya kurekodi itakugharimu chakula cha watu wote, nauli, mafuta ya jenereta na vifaa vya kukodi. Mwenye mamilioni akikwama hutoa pesa pale pale akakwamuka. Wewe utakwamuka sasa hivi tu, wakati kufikiri ni bure.

Na kabla ya kugusa filamu, rudisha zile laki tano za mama. Najua hili litakuuma, na yeye atalipinga. Lakini marejesho ya chama huanza mara moja, na mamako amesimama mbele ya wanawake wenzake ambao atakutana nao kila mkutano hadi deni liishe. Filamu ya kwanza ya mtu asiyejulikana mara nyingi hairudishi pesa, na hata inayorudisha haifuati tarehe za chama. Unaweza kuihatarisha akiba yako, hiyo ni haki yako. Jina lake yeye usilihatarishe. Akitaka kusaidia, kazi zipo, ya jikoni nitaitaja hapo mbele. Tupange filamu ya laki tisa.

Tuanze na mswada, maana humo ndimo pesa zinamovujia. Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Kurasa 112 kwa siku 12 ni zaidi ya kurasa tisa kila siku. Kikundi kidogo kama chenu, kikiwa kimefanya mazoezi na hakihami, kikimaliza kurasa tano kwa siku kimefanya kazi ya kusifiwa. Na nyinyi mnahama! Sehemu 34 maana yake ni kufungasha, kutafuta gari, kufungua, kupanga taa, kutuliza watoto wa mtaa, na saa mbili zimekwenda hujarekodi neno. Punguza mswada ufike kurasa 85 kwa siku 17, na sehemu zisizidi sita.

Nyumba ya nyanya pekee inakupa nyingi. Ina daka la mlangoni, ukumbi, jikoni, ngazi, roshani, uani, na nje kuna kichochoro. Kila pembe ina mwanga wake na siri yake, na mlango ukifungwa ni wenu kutwa. Nakusihi hadithi yako uilaze hapo. Msichana anayemtafuta kakake si lazima afike kila mahali, habari zinaweza kumfuata nyumbani. Kituo cha polisi ni meza, ukuta wenye matangazo na askari asiyeinua macho. Hospitali ni benchi na mlango unaofunguliwa na kufungwa. Feri iondoe: pale kivukoni ni eneo la ulinzi, watu ni wengi kupita kiasi, na ng'ambo huko Mtongwe kuna kambi ya jeshi la majini. Honi yake ikisikika kwa mbali huku mama wa msichana akitazama saa, mtazamaji wa Mombasa ameshafika Likoni.

Fort Jesus nayo, jiulize inafanya nini ndani ya hadithi. Ni ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2011, na inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kurekodi ndani kunahitaji idhini yao na malipo. Kama msichana anapita tu mbele ya kuta, futa. Kama ndipo mahali pa mwisho kakake alipoonekana, basi andika barua mapema na utenge asubuhi moja tu.

Bastola ya Mwembe Tayari, mwanangu, iondoe kabisa. Mpita njia hajui kuwa ni ya bandia, wala askari aliye upande wa pili wa barabara hajui. Umati unaweza kumvamia mwigizaji wako kwa kudhani ni jambazi kweli, na unajua mwizi hufanywa nini mjini. Hakuna picha inayostahili hatari hiyo. Wizi usimuliwe na mtu anayetetemeka, au utokee ndani ya duka mlilolifunga kwa siku hiyo, polisi wa eneo wakiwa na taarifa kwa maandishi.

Kuhusu vibali, waliokuambia "utaongea na mtu" hawatakuwa nawe kamera ikichukuliwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa nchini ili ionyeshwe kwa umma au kuuzwa. Nenda ofisi ya Mombasa ya Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) na mswada uliokwisha kupunguzwa, ujue ada na muda. Bodi hiyo hiyo ndiyo itakayoiainisha filamu kabla haijaonyeshwa. Kwa barabara za mtaa na bustani za umma, uliza kaunti. Ndugu yako akitaja droni, mwambie inataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na mji huu una bandari, uwanja wa ndege na kambi ya jeshi, hivyo si jambo la kurusha tu. Kisha kuna ruhusa ambazo hazina fomu: chifu, mzee wa mtaa, imamu wa msikiti wa jirani, na akina mama wa kichochoro chenyewe. Waendee mwenyewe, umejistiri, ueleze mtakuwa siku ngapi na saa ngapi, na uahidi kuwa hakuna mwanamke atakayerekodiwa dirishani kwake bila idhini. Kisha uishike ahadi hiyo. Mji wa Kale ukikukubali, watakunyamazishia hata pikipiki.

Sasa onyesho la mwisho. Ufuo wa Nyali unatazama mashariki. Jua pale huchomoza baharini na kutua nyuma yako, upande wa bara, juu ya minazi na majumba. Kila mzaliwa wa hapa atalijua kosa hilo mara moja. Ushauri wangu ni uligeuze liwe alfajiri. Mwanga ni laini, ufuo hauna watu, upepo haujaamka na sauti itatoka safi. Tatizo ni kwamba mwanga huo ni mfupi sana. Sisi tuko karibu na ikweta, jua hupanda wima, na baada ya saa moja hivi vivuli vimekuwa vikali usoni. Fanyeni mazoezi pale pale jana yake, na muwe mmepanga kamera kabla ya saa kumi na mbili.

Angalia pia maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Yakijaa, mchanga uliousimamisha msichana wako haupo. Yakipwa, mwamba umetokeza na bahari iko mbali. Na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hivyo ukirekodi nusu ya onyesho Jumatatu na nusu Alhamisi saa ile ile, utakuwa na bahari mbili tofauti ndani ya mazungumzo mamoja. Tafuta jedwali la maji, kisha umuulize mvuvi wa hapo hapo akuthibitishie. Onyesho lote limalizike asubuhi moja.

Kamera ya 620,000 hapana. Kamera ya harusini inatosha, mradi iwe na lenzi moja au mbili nzuri na mpiga picha anayejua mwanga wa dirishani unaingia vipi ukumbini saa tatu na saa kumi. Huko ndiko apeleke ustadi wake, na muda wa kujifunza anao hadi Septemba. Arekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za ndani hazitamemeteka kwenye picha. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi ikaingia joto la nje, lenzi hufanya ukungu, basi itolewe mapema. Na kila jioni ipanguswe chumvi ya bahari.

Pesa zielekeze kwenye sauti. Watu huivumilia picha yenye kasoro, lakini mazungumzo yasiyosikika huwafanya waondoke. Kodi fundi sauti mmoja mwenye maikrofoni ya mti (ile inayoshikwa kwa fimbo ndefu) na zile ndogo za kifuani, awepo siku zote 17. Umchukue nyumbani kwa nyanya kabla ya siku ya kurekodi, mketi kimya, mwandike kila mnachosikia: feni, pampu ya maji, tuktuk, jenereta ya jirani, watoto wakitoka madrasa, kunguru. Kunguru wa Mombasa wanaweza kukuharibia asubuhi nzima, kwa hivyo taka za uani ziondolewe usiku. Friji mtaizima wakati wa kurekodi, na funguo za gari ziwekwe ndani yake ili asiwepo wa kuondoka bila kuiwasha tena. Nyakati za adhana zipange kwenye ratiba ziwe mapumziko yenu: Adhuhuri mle chakula, Alasiri mnywe chai, Magharibi mbadilishe taa. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane, msianze kitu. Kabla ya kuondoka kila chumba, wote wanyamaze nusu dakika fundi arekodi ukimya wa chumba hicho, mhariri atauhitaji kuunganishia.

Faili zilindwe. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya video ni kama gigabaiti 45. Mkirekodi saa 14 kwa filamu nzima, ni kama gigabaiti 630. Nunua diski mbili za terabaiti moja, kila jioni zote mbili zijazwe, zilale nyumba mbili tofauti. Kadi isifutwe kabla mtu hajafungua nakala akaitazama.

Chakula. Mtu anayekuigizia bure anastahili kula vizuri na kurudishiwa nauli jioni ile ile, si mwisho wa wiki. Watu 20 kwa siku 17 ni sahani 340 za mchana, na hata kwa shilingi 250 sahani ni shilingi 85,000, bado mahamri na mbaazi za asubuhi, chai na maji. Hapa ndipo mamako anapoingia. Akubali kuwa msimamizi wa jikoni, akiwa na bajeti mkononi na msaidizi anayelipwa. Tenga laki moja ya dharura na laki mbili za uhariri, kurekebisha rangi ya picha na sauti ya mwisho, na hizo mbili zisiguswe hadi kurekodi kuishe. Filamu nyingi za vijana wetu zimelala ndani ya diski kwa kukosa pesa hizo za mwisho, na kila nikizifikiria huniuma.

Tumfikie ndugu yako. Kunyamaza kwako hakumsaidii. Keti naye mchana, si usiku mkiwa mmechoka, umwambie hivi: "Nusu siwezi kukupa, lakini bure pia sitaki." Mpe malipo madogo ya kila siku ya kurekodi, na asilimia ya kile kitakachobaki baada ya gharama kurudi, iandikwe, mtie sahihi wote wawili mbele ya mtu mzima wa familia. Kwa sheria yetu ya hakimiliki, haki haihami kutoka kwa mtu hadi mwingine kwa maneno ya mdomo, lazima kuwe na maandishi. Fanya vivyo hivyo kwa waigizaji, kwa mwenye nyumba, na kwa mwenye wimbo wowote wa taarabu utakaosikika hata redioni nyuma ya mazungumzo. Kituo cha televisheni kikitaka kuinunua filamu, karatasi hizi ndizo watakazoomba kwanza. Akikataa kabisa, ni afadhali ujue Mei kuliko siku ya tisa ya kurekodi.

Rafiki yako mpe wiki mbili. Usimfokee, mwalike kwako msome mswada wote kwa sauti na waigizaji wengine, mwanzo hadi mwisho, kwa kikao kimoja. Wewe sikiliza tu na utie alama panapochosha. Utagundua mengi ya kukata. Baada ya hapo, asiyekuja mazoezini mara mbili bila udhuru, badilisha, hata akiwa ni yeye. Jukumu hilo limebeba kazi ya watu wote. Na awe na lafudhi ya mtoto wa Mji wa Kale kweli. Kama hana, akakae na nyanya yako jioni awe anamsikiliza.

Mwezi wa Juni au Julai chagua onyesho moja la jikoni, kurasa tatu hivi. Lirekodini kwa kamera hiyo hiyo, na fundi sauti huyo huyo, chakula cha mama, ratiba ya siku iliyoandikwa na kusambazwa jana yake. Lihaririwe hadi liishe. Andika lilichukua saa ngapi na shilingi ngapi, kisha uzidishe kwa mswada mzima. Hesabu ikikataa, ukate tena kurasa. Ikikubali, peleka ombi la leseni, na uniandikie uniambie sauti imetokaje.

Shangazi